Joto la bahari ya tropiki na vazi la mtelezaji wa mawimbi

Anayejiandaa kwenda kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi katika bahari za tropiki aghalabu huanza kwa kutafuta tarakimu moja, yaani nyuzi joto za maji. Akikuta 28 hutia kaptura begini na kulifunga. Akikuta 22 huanza kuulizia suti za mpira. Tarakimu hiyo ina manufaa yake, lakini haielezi mambo mawili ambayo ndiyo huamua kama mtu atakaa majini saa mbili kwa raha au atarudi ufukweni akitetemeka kabla ya saa moja kutimia. Kwanza, ukanda wa tropiki hauna bahari yenye joto moja: zipo fukwe zilizo kwenye ikweta yenyewe ambako maji huwa baridi kuliko ya Hawaii katikati ya majira yake ya baridi. Pili, mtelezaji si mwogeleaji. Sehemu kubwa ya muda wake kiwiliwili chake hakimo majini bali kiko hewani, kimelowa, kinapigwa na upepo na kuchomwa na jua kwa wakati mmoja, na hali hiyo ndiyo anayoivalia.

Tuanze na mwili. Joto la ndani ya mwili wa binadamu ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi, na la ngozi katika hali ya kawaida ni karibu 33. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa, na kupasha moto lita moja ya maji kunahitaji nishati maelfu ya mara kuliko lita moja ya hewa. Kwa hiyo maji yanayogusa ngozi hunyonya joto upesi bila yenyewe kupata moto, na hata yakipata moto kidogo, mwendo wa bahari huyaondoa na kuleta mengine. Ndiyo maana hewa ya nyuzi 28 humtoa mtu jasho, ilhali maji ya nyuzi hizohizo humpunguzia joto polepole akitulia humo. Aliyetulia majini bila nguo huweza kulinda joto lake bila jitihada pale tu maji yanapofikia nyuzi 33 hadi 35 hivi, na bahari zenye mawimbi ya kutelezea hazifiki huko. Maji tunayoyaita ya vuguvugu, basi, ni maji yanayopoza taratibu, na kinachofidia upotevu huo ni kazi ya misuli.

Kazi hiyo ya misuli nayo huja na kukatika. Vipimo vilivyofanywa kwa watelezaji wa mashindano vimeonyesha kuwa karibu nusu ya muda wao hutumika kupiga mikono wakiwa wamelala kifudifudi, asilimia 40 hivi hupita wakiwa wameketi juu ya ubao wakisubiri, na muda wa kusimama juu ya wimbi lenyewe ni asilimia chache tu. Mtazame anayesubiri: miguu yake inaning'inia katika maji ya nyuzi 27 na haina shida yoyote, lakini vinyweleo vya mikono vimesimama, mabega yamejikunja, na maji yanamdondoka kwenye kiwiko kutoka kwenye fulana iliyolowa. Anayempoza kwa wakati huo ni upepo kuliko bahari, na upepo unafanya kazi ileile inayofanyika kwenye ngozi ya mtungi wa udongo, ambapo maji yanayovukiza nje huondoka na joto la ndani.

Ukubwa wa jambo hili unahesabika. Kila gramu ya maji inayovukiza huchukua takriban kilojuli 2.4. Gramu 100 za maji, kiasi ambacho fulana nene ya pamba hukibeba bila taabu, zikivukiza zote huondoka na kilojuli 240. Mtu mzima aliyepumzika huzalisha joto la wati 100 hivi, yaani kilojuli 180 kwa nusu saa. Sehemu ya joto linalovukiza maji hayo hutoka kwenye jua na hewa, si kwenye ngozi peke yake, lakini hesabu inatosha kuonyesha kwa nini asubuhi yenye upepo katika bahari ya nyuzi 27 huweza kuchosha mwili kuliko mchana mtulivu katika bahari ya nyuzi 24.

Turudi kwenye bahari yenyewe. Watu wengi hudhani kuwa joto la maji hufuata umbali kutoka ikweta, na kwa sehemu kubwa ya dunia dhana hiyo inafaa. Magharibi mwa Bahari ya Pasifiki na mashariki mwa Bahari ya Hindi kuna eneo kubwa mno la maji yanayozidi nyuzi 28 karibu mwaka mzima. Visiwa vya Mentawai, magharibi mwa Sumatra, vimo ndani ya eneo hilo, na maji yake hubaki kati ya 28 na 30 bila kujali mwezi. Maji ya Maldivi nayo hayako mbali na kiwango hicho. Hawaii, iliyo karibu na mpaka wa kaskazini wa tropiki, hushuka hadi 24 hivi mwezi wa Februari na Machi na kupanda hadi 27 mwezi wa Septemba. Hapa kuna jambo linalowapotosha wageni: bahari huchelewa. Hupata moto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo kilele cha joto lake huja miezi miwili au zaidi baada ya jua kupita utosini, na anayepanga safari kwa kuangalia majira ya nchi kavu hukuta maji yakiwa bado katika msimu uliotangulia. Katika Hawaii mkanganyiko huu una uzito wake, kwa kuwa mawimbi makubwa ya pwani ya kaskazini ya Oahu huja katika miezi ileile ambayo maji yamepoa.

Kinachovunja kabisa kanuni ya umbali kutoka ikweta ni upepo. Upepo unapovuma sambamba na pwani, maji ya juu hayaendi moja kwa moja unakoelekea. Kwa sababu ya mzunguko wa dunia, tabaka la juu kwa ujumla husogea kuelekea kulia kwa upepo katika kizio cha kaskazini na kushoto kwake katika kizio cha kusini. Pwani ikiwa upande wa pili, maji ya juu husukumwa kwenda bahari kuu, na nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka chini, ambako jua halifiki. Kusini mwa Java na Bali jambo hilo hutokea takriban kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati upepo wa kusini-mashariki unapotawala: maji yaliyokuwa karibu nyuzi 29 mwezi wa Machi hushuka hadi 26 au chini yake kidogo. Huo ndio msimu bora wa mawimbi katika rasi ya Bukit, kusini mwa Bali, na ndiyo sababu wenyeji wa maji hayo huonekana na vesti nyembamba za mpira huku mgeni wa siku ya kwanza akiwashangaa.

Pwani ya Somalia hutoa mfano mkali zaidi. Pepo za kusi zinapokaza kati ya Juni na Septemba huvuta maji ya chini kwa nguvu kiasi kwamba joto la juu huweza kushuka chini ya nyuzi 20, mahali ambapo miezi michache kabla palikuwa na 29. Dakar, nchini Senegali, hupata hali kama hiyo katika miezi ya mwanzo wa mwaka, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 kabla ya kupanda hadi karibu 28 mwezi wa Septemba. Anayesoma tu kwamba Senegali iko katika tropiki na kwenda Februari akiwa na kaptura peke yake atakaa ufukweni akitazama wenzake.

Visiwa vya Galápagos vinastahili kutazamwa peke yake. Vimekatwa na ikweta, na pepo zinazovuma kuelekea magharibi juu yake huyagawa maji ya juu kwenda kaskazini na kusini, hivyo maji ya chini hupanda katikati. Juu ya hilo kuna mkondo wa Humboldt unaoleta maji baridi kutoka kusini, na mkondo mwingine wa chini kwa chini unaokwenda mashariki kando ya ikweta, ambao hugonga visiwa upande wa magharibi na kulazimika kupanda. Kati ya Juni na Novemba maji huwa nyuzi 18 hadi 22 katika sehemu nyingi, na si ajabu kwamba hapo ndipo anapoishi pengwini pekee anayepatikana kaskazini mwa ikweta. Mwaka wa El Niño mpango huo hulegea: pepo hudhoofika, tabaka la maji moto huongezeka unene mashariki mwa Pasifiki, na maji yanayopanda hutoka katika tabaka hilohilo la moto. Joto la kawaida la mwezi fulani huwa halina maana kubwa tena, hali iliyoonekana wazi mwaka 1997 na 1998, na tena 2015 na 2016.

Kisha kuna mahali ambapo upepo mzuri na maji baridi ni kitu kimoja. Katika Amerika ya Kati, kati ya Desemba na Machi, pepo kali kutoka Karibi na Ghuba ya Meksiko hupenya kwenye mapengo ya milima na kutokea upande wa Pasifiki katika ghuba za Tehuantepec, Papagayo na Panama. Kwa mtelezaji, upepo utokao nchi kavu ni neema, kwa kuwa huinua uso wa wimbi na kulisafisha. Kaskazini-magharibi mwa Kosta Rika, Witch's Rock inasifika kwa sababu hiyo. Lakini upepo huohuo husukuma maji ya moto kwenda mbali, na nyuzi 28 huweza kugeuka 22 au pungufu ndani ya siku chache. Kwa hiyo katika ghuba hizo utabiri wa upepo ni utabiri wa vazi pia: ukisoma kwamba upepo wa nchi kavu utavuma kwa nguvu siku nne mfululizo, weka kitu chenye mikono mirefu hata kama jana ulioga kwa raha.

Je, tarakimu zinazosomwa kwenye simu hutoka wapi? Nyingi hutokana na setilaiti, zikisaidiwa na maboya na meli. Vihisi vya infraredi hupima utando wa juu kabisa wa maji, mwembamba kuliko unywele, na haviwezi kuona kupitia mawingu. Vihisi vya mawimbi mikro huona kupitia mawingu mengi lakini picha yake ni ya eneo pana, na karibu na nchi kavu huvurugika. Matokeo yake hulainishwa kwa hesabu na kugawiwa katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa au zaidi. Ukanda wa maji baridi wenye upana mdogo unaokumbatia pwani, ambao ndimo mawimbi yanamovunjikia, huweza kupotea katika wastani wa mraba. Mchana mtulivu usio na upepo nao hupandisha joto la tabaka la juu kwa nyuzi moja au zaidi bila kugusa maji yaliyo mita mbili chini. Kwa maoni yangu, tarakimu ya simu ichukuliwe kuwa sahihi kwa nyuzi mbili juu au chini katika bahari tulivu, na isiaminiwe hivyo mahali penye historia ya maji ya chini kupanda. Hapo swali la kumuuliza aliyetoka majini asubuhi ileile lina thamani kuliko ramani yoyote.

Tukija kwenye mavazi, katika maji ya nyuzi 27 na kuendelea kinachohitaji kuzuiwa kwanza ni jua. Katika tropiki, kipimo cha mionzi ya urujuanimno hupita 11 mara kwa mara wakati wa adhuhuri, na Shirika la Afya Duniani huweka kiwango hicho katika daraja la juu kabisa la hatari. Maji hayasaidii sana: nusu mita chini ya uso bado kuna takriban asilimia 40 ya mionzi hiyo, na povu la mawimbi hurudisha juu robo yake hivi. Mawingu mepesi huzuia sehemu ndogo tu. Upepo unaompoza mtu mgongoni humnyima pia onyo la kuungua, kwa sababu huhisi ubaridi wakati ngozi inababuka.

Fulana ya pamba, ambayo wengi huikimbilia, ni chaguo duni kwa sababu zote mbili zilizotajwa. Nguo nyeupe ya pamba ikilowa hupitisha mionzi mingi zaidi kuliko ikiwa kavu, na wakati huohuo hubeba maji mengi ya kuvukiza. Kinachofaa ni fulana ya kubana ya nailoni au poliesta iliyochanganywa na uzi unaovutika, yenye kiwango cha ulinzi cha 50, maana yake ikipitisha si zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya mionzi. Kiwango hicho hupimwa nguo ikiwa mpya na haijavutwa. Iliyochakaa, au ndogo mno hadi nyuzi zake zinaachana, haina ulinzi ulioandikwa kwenye lebo. Mikono mirefu na shingo iliyopanda ni bora kuliko mikono mifupi, na fulana hiyo hulinda pia kifua na tumbo dhidi ya michubuko ya nta ya ubao, ambayo katika maji ya moto huwa kero kubwa kuliko baridi yenyewe. Usitarajie ikupe joto: kitambaa hicho hakihami chochote, na penye upepo huweza hata kuongeza baridi.

Kinachohami ni mpira uitwao neoprini, na hapa kuna maelezo yanayorudiwa kila mahali ingawa yamepinduka. Husemwa kuwa suti ya neoprini hukupa joto kwa kunasa tabaka la maji ambalo mwili hulipasha moto. Ukweli ni kwamba kazi hufanywa na viputo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliyebuni suti ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba mvaaji hahitaji kubaki mkavu ili asipate baridi, mradi gesi ya kuhami imo ndani ya kitambaa. Maji yanayoingia hayaleti faida. Yanavumilika tu ikiwa ni machache na hayatembei. Yakitembea, kila wimbi hufuta joto lililokwisha kulipiwa na mwili. Kwa hiyo suti ya milimita 2 inayokaa barabara hushinda ya milimita 3 iliyolegea, na mahali pa kukagua ni pale mgongo unapoingia ndani juu ya kiuno: ukiweza kushika mkunjo mkubwa wa mpira hapo, umeshika mfuko wa maji.

Mishono inastahili kuangaliwa pia. Mshono bapa ambao sindano imetoboa kitambaa chote huonyesha nukta za mwanga ukiunyoosha mbele ya dirisha. Hupitisha maji kidogo, hauchubui, na kwa bahari ya nyuzi 23 na kuendelea unafaa kabisa. Mshono uliogundishwa na ambao sindano haikutokeza upande wa pili ni wa bei ya juu zaidi, na katika tropiki huhitajika mara chache. Muhimu zaidi ni uso wa nje wa kifua na mgongo. Neoprini iliyofunikwa kitambaa hushika maji na kuyaacha yavukize. Ile yenye uso laini usio na kitambaa huyamwaga mara moja, na upepo hukosa cha kuvukiza. Uso huo laini huchanika kwa ukucha, na ukiwa mweusi hupata moto sana juani, lakini vesti ya milimita 1 yenye uso huo, ikivaliwa na kaptura ya kawaida, ndiyo nguo ninayoiona kuwa na faida kubwa kuliko zote kwa bahari za tropiki, kwa kuwa huziba tatizo la upepo bila kumpika mvaaji.

Kwa nyuzi zenyewe, makadirio yangu ni haya, kwa mtu mzima wa umbo la wastani anayekaa majini kati ya saa moja na nusu na mbili. Zaidi ya 28, kaptura na fulana ya jua vinatosha karibu kila siku. Kati ya 25 na 28 mavazi ni yaleyale, na vesti ya milimita 1 huongezwa alfajiri, siku ya upepo au mahali ambapo mtu husubiri muda mrefu kati ya mawimbi. Kuanzia 25 hadi 22 inafaa suti fupi ya milimita 2, au koti la neoprini lenye mikono mirefu ikiwa jua ni kali. Chini ya 22 ni suti ya mwili mzima ya milimita 2, na chini ya 20 ni ile inayoandikwa 3/2, yaani milimita 3 kiwiliwilini na 2 kwenye mikono na miguu. Mtu mwembamba achague vazi la daraja moja lenye joto zaidi, na mtoto vivyo hivyo, kwa kuwa ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake na hupoteza joto mapema.

Kuzidisha nako kuna gharama. Anayevaa suti ndefu katika maji ya nyuzi 28 hupiga mikono akiwa kama ndani ya tanuri, hutoka jasho bila kuliona, na akili huanza kulegea wakati anapoihitaji kusoma mawimbi. Kama anachotafuta ni kinga dhidi ya yavuyavu, vazi jembamba la kitambaa linalofunika mwili mzima hutimiza kazi hiyo bila joto la ziada. Kaskazini mwa Queensland, ambako yavuyavu hatari hutawala takriban kuanzia Novemba hadi Mei, mavazi hayo ni ya kawaida. Viatu vyembamba vya mpira huamuliwa na mwamba wa matumbawe, si na nyuzi joto: huvaliwa mahali pa kutembea juu ya mwamba wakati maji yamekupwa, na huachwa kwingineko kwa sababu hupunguza hisia ya ubao. Uso, masikio na viganja kwa nje hubaki wazi hata hivyo, na hupakwa krimu yenye zinki. Palau tangu mwaka 2020 na Hawaii tangu 2021 zimepiga marufuku uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, kwa hiyo msafiri asome lebo kabla ya kuondoka.

Mpango wowote wa mavazi huweza kukosea, na mwili hutoa taarifa kabla ya hatari. Ishara ya mapema ni vidole: unapopiga mikono, kidole kidogo huanza kujitenga na vingine na hakirudi hata ukikiamrisha. Hufuata uvivu wa kusimama juu ya ubao, kisha kutetemeka. Mtu atoke vidole vinapogoma, asingoje mtetemo, kwa sababu safari ya kurudi ufukweni nayo inahitaji mikono hiyohiyo. Akifika, avue kwanza nguo iliyolowa kabla ya kuosha ubao au kutafuta funguo, kwa kuwa pale ufukweni upepo bado unavuma na kila dakika ya kitambaa chenye maji mgongoni inaendelea kumtoa joto.